Kwa wadogo zangu mnaoanza dizaini Mbeya: fonti moja inatosha

Wadogo zangu mnaoanza kudizaini kwenye steshenari za Mwanjelwa, Kabwe na Uyole, naomba tuongee fonti, maana wengi mnajaza kompyuta mafonti ya kila aina halafu bango likishapanda juu aliye ng'ambo ya barabara hasomi kitu.

Kwa kazi zetu nyingi familia moja nzuri ya fonti, yaani herufi za mchoro mmoja zenye unene tofauti, inatosha. Tafuta zile herufi zisizo na vijimkia mwishoni ila umbo lake limefuata mwendo wa mkono, kama Frutiger, Myriad, Open Sans, hata Calibri ya kwenye Word. Zikuze uangalie, utaona mstari hauna unene mmoja mwanzo mwisho, unapungua kidogo pale unapoungana, na mdomo wa c, e na s umeachwa wazi. Huo uwazi ndo kila kitu. Mchoraji wa herufi Adrian Frutiger alichora herufi za vibao vya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Paris, kwa ajili ya watu wanaotembea haraka na kusoma wakiwa mbali au kwa pembeni, na mwaka 1976 zikatoka kama fonti yenye jina lake. Sasa fikiria dereva anapita Uyole asubuhi na ukungu ule, mdomo ukiwa umefumba c inakuwa o, 3 na 6 zinageuka 8, namba ya simu imeshaharibika hapo na mwenye duka amekosa mteja.

Kabla hujachagua andika Ilomba, Ilemi, Ilula, kisha weka 1 pembeni, uone kama zinatofautiana. Gill Sans ya Eric Gill, iliyotoka Uingereza mwaka 1928, ni nzuri mno kwa kichwa cha herufi kubwa tupu, ila I kubwa, l ndogo na 1 zote ni fimbo tu, na huku kwetu majina ya I yamejaa. Verdana ya Matthew Carter ya mwaka 1996 imeipa I kubwa vijimstari juu na chini, haichanganyi. Lakini ilitengenezwa kwa skrini za kompyuta za wakati ule, ni pana, na maneno yetu marefu kama "vinapatikana" yanakula bango lote. Mimi kwa bango nachukua Open Sans ya Steve Matteson, ni bure hata kwa biashara, na ina ile nyembamba ya kondensdi.

Na jamani msivute herufi kwa mausi ili zijaze nafasi!! Ukivuta kwa upande, nguzo zinanenepa na milalo inabaki vilevile, kazi yote ya mchoraji umeiua. Tumia uzito, yaani unene wa herufi, jina la duka boldi (nene), bidhaa regula (ya kawaida), simu semiboldi (nene kiasi), na bango litapangika bila kuongeza fonti ya pili.

Ukipeleka faili kuprintiwa kwingine, kwenye programu ya kudizaini ya CorelDRAW hifadhi kopi kwanza, halafu bonyeza Ctrl+Q maandishi yawe maumbo, maana kama kompyuta ya kule haina fonti yako itaweka yake na mistari yote itahama. Ila kabla ya hapo toa kipande kwenye A4, kibandike ukutani, rudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara, na umuite mtu ambaye hajaiona kazi akusomee namba ya simu kwa sauti.