Je, 2 + 2 inaweza kuwa 5?

SWALI: Mwalimu, niko mwaka wa kwanza wa uhandisi hapa Nairobi. Mhadhiri aliandika ubaoni "2 + 2 = 5, mradi 2 iwe kubwa ya kutosha", kisha akasema kwa mhandisi pai ni 3 na g, ule mchapuko wa kitu kinachoanguka, ni pai mara pai. Wenzangu walicheka, mimi nikabaki nimeduwaa. Ni mzaha mtupu?

JIBU: Mzaha ndiyo, ila hesabu yake inasimama. Chukua 2.4 + 2.4, upate 4.8. Sasa ondoa desimali kwa kukadiria: 2.4 inakuwa 2, 4.8 inakuwa 5. Hiyo "2 kubwa" ni yoyote kuanzia 2.25 hadi chini kidogo ya 2.5. Ndiyo sababu unaambiwa uache tarakimu zote ndani ya kalkuleta na ukadirie mara moja tu, kwenye jibu la mwisho.

Pai kuwa 3 ni kosa la asilimia 4.5. Kwa hesabu ya kichwani linavumilika. Lakini tangi lenye kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 1.6 hubeba lita 2,463. Ukitumia 3 utapata 2,352. Zimepotea lita 111, mitungi mitano na nusu ya lita 20, na katika mtaa wa maji ya mgao hakuna atakayecheka. Ile 22/7 ya shule ya msingi inakosea lita 1 tu kwenye tangi hilohilo. Usiidharau.

Utamu uko kwenye g. Pai mara pai ni 9.87, nayo g ya vitabuni ni 9.81. Ufaransa ilipoamua mwaka 1791 kuipima mita kwa umbali wa kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta, iliacha pendekezo jingine: urefu wa pendulamu inayotumia sekunde 1 kwenda na sekunde 1 kurudi. Katika T = 2π√(L/g), T ni sekunde za kwenda na kurudi na L ni urefu wa pendulamu kwa mita; weka T = 2 na L = 1; g inatoka π² kamili. Vipimo hivyo viwili vilikaribiana, na ukaribu huo umebaki.

Nairobi iko karibu na ikweta na juu sana kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo g yake ni kama 9.78. Funga nati kwenye uzi, sentimita 99 kutoka msumari hadi katikati ya nati: safari 10 za kwenda na kurudi zitachukua sekunde 20. Usiivute kupita digrii 10. Fomula yenyewe ni kadirio, inachukulia sin θ = θ (θ ni pembe uliyoivuta, kwa radiani); kwa digrii 10 kosa la usawa huo ni asilimia 0.5, kwa digrii 30 linakaribia 5.

Kutoa ndiko kunakoumbua. Kwenye ncha ya dunia g ni 9.83. Ukiiita 10, na ya Nairobi 10, tofauti ni sifuri.

Na makadirio yanayoelekea upande mmoja hayajifuti. Muulize abiria ambaye kila mvua ikinyesha kondakta humkadiria 80 kuwa 100.