Kwa Mdogo Wangu Aliyeambiwa ni Mfupi Mno Kuruka Juu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kidato cha tatu, anasoma huku huku Temeke, kaniandikia. Kaanza na shikamoo kaka, kisha kaenda moja kwa moja: mwalimu wa michezo kamwambia aachane na kuruka juu, ahamie mita 400 au kupokezana vijiti, eti umbo halimruhusu. Urefu wake mita 1.70. Anauliza aache?

Marahaba. Usiache. Na leo nitaongea sana, univumilie, maana maneno hayo niliambiwa na mimi, na mpaka kesho nikiyakumbuka yananiwasha.

Kwanza nikutajie mtu. Stefan Holm, Mswidi, kazaliwa 1976, kocha wake alikuwa baba yake mzazi. Urefu wake mita 1.81. Mtaani kwetu huyo ni mrefu, lakini kwenye kuruka juu ni mfupi. Javier Sotomayor wa Cuba, mwenye rekodi ya dunia ya mita 2.45 tangu 1993, anamzidi zaidi ya sentimita kumi. Olimpiki ya Sydney 2000 Holm akaishia nafasi ya nne, ile nafasi ya kurudi nyumbani mikono mitupu huku umewaona wenzako wakivishwa. Akarudi kufanya mazoezi. Athens 2004, kwenye 2.34, akaangusha ufito mara mbili. Akiangusha tena basi. Akavuka, halafu 2.36 akaipita jaribio la kwanza, dhahabu ikawa yake. Mwaka uliofuata pale Madrid, kwenye mashindano ya Ulaya ya ndani ya ukumbi, akaruka 2.40. Piga hesabu: sentimita 59 juu ya utosi wake. Kuna Mmarekani pia, Franklin Jacobs, yeye alikuwa na mita 1.73, karibu saizi yako, na mwaka 1978 aliruka 2.32. Nayo ni 59 vile vile.

Mwoneshe mwalimu wako hiyo hesabu. Kwa adabu lakini.

Mimi nimekulia Mbagala. Shuleni hatukuwa na godoro wala nguzo za maana. Tulikuwa na miti miwili iliyopigiliwa misumari, mwanzi juu yake, na mchanga uliomwagwa na tipa la mtu aliyekuwa anajenga jirani. Tuliruka mtindo wa mkasi, mguu mmoja unapita, wa pili unafuata, unatua kwa miguu. Nilikuwa mfupi kuliko wote kwenye kundi letu na nilikuwa nawapita wote. Nalisema wazi kwa sababu ni kweli, na walioruka na mimi wapo, wanasoma hapa.

Siri yangu ilikuwa mbio. Wenzangu walikuwa wanakimbilia ufito kama wanawahi daladala ya mwisho, wakifika wanasimama, ndiyo wanaruka. Mimi nilichora njia yangu chini kwa unga wa sembe: hatua kumi, tano za kwanza zimenyooka, tano za mwisho zinakata kona kuelekea ufito. Kuku wa mwalimu mkuu walikuwa wanaula ule unga kabla sijamaliza kupasha misuli, nachora upya. Ile kona ndiyo mchezo wenyewe. Ukiikata kwa kasi mwili unalala kwa ndani, mbali na ufito. Hatua ya kabla ya mwisho unashusha kiuno kidogo. Mguu wa mwisho unaugonga chini, mwili unanyanyuka wima, na ule mlalo unakuzungusha wenyewe hewani. Anayerukia mguu wa kushoto aingie kutokea kulia. Ukishaachana na ardhi huna la kuongeza, umeshapewa ulichokitafuta kwenye mbio. Mrefu anaanza na kiuno kilichoko juu, hilo hatumnyang'anyi. Wewe utaleta kasi.

Sasa nifike kwenye kidonda. Mchujo wa timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tumebaki wawili. Mwenzangu alikuwa mrefu, kijana mzuri tu, sina ugomvi naye. Wote tumevuka 1.75, wote tumeshindwa 1.78. Mimi 1.75 nilivuka jaribio la kwanza, yeye la tatu. Kanuni haina utata: mkilingana, anatazamwa aliyekosea mara chache kwenye urefu wa mwisho mliovuka, mkilingana tena, inahesabiwa jumla ya makosa tangu mwanzo hadi hapo. Nilikuwa nimeshinda. Mhusika mmoja akafunga daftari, akasema, "Tumchukue huyu, ana umbo la mbele ya safari." Nikaambiwa nikajaribu vijiti.

Kanuni ile ile ndiyo iliyowaacha Mutaz Barshim na Gianmarco Tamberi sawa sawa kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021: wote 2.37, hakuna aliyekuwa amekosea hata mara moja hadi hapo, wote wakakwama 2.39, wakakubaliana kugawana dhahabu. Paris 2024 Hamish Kerr na Shelby McEwen nao wakalingana, ila wakaamua kurushana tena, na Kerr akashinda. Dunia nzima inaifuata, kasoro lile daftari.

Mwaka uliofuata nilirudi, nikaruka 1.85, hakukuwa na wa kulingana naye, kwa hiyo hakukuwa na cha kujadili. Mhusika yule yule alinishika mkono na kupiga picha na mimi. Picha ninayo.

Kwa hiyo mdogo wangu, jifunze mbio. Halafu jifunze kanuni, uzijue kuliko anayekuchuja. Halafu rudia mbio. Vijana wengi mnataka kuanzia kwenye mtindo wa mgongo, ule wa kuvuka ufito chali, mnaona video za Ulaya mnajirusha kinyumenyume, wakati hatua zenu kila siku zinabadilika, leo nane, kesho kumi na moja. Mnataka picha ya hewani kabla ya mguu wa chini. Nchi hii inajua kukimbia, toka enzi za Filbert Bayi hadi Alphonce Simbu aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni 2025, na mrukaji mzuri ni mkimbiaji kwanza. Mbio hazidai godoro, zinadai uwanja wa vumbi na kuamka asubuhi. Visingizio vya vifaa tumevizoea, vimetulemaza.

Ila mtindo wa mgongo unadai godoro, na hapo sitanii. Dick Fosbury, aliyeupa umaarufu mtindo huo, alipochukua dhahabu ya Olimpiki ya Mexico 1968 kwa 2.24, akiwaacha watu midomo wazi, magodoro ya sponji yalikuwa yameshaanza kuchukua nafasi ya mchanga. Bila hayo asingekuwa na shingo ya kuvalia medali. Kwenye mchanga ruka mkasi, tua kwa miguu, basi. Magodoro mawili ya kulalia yaliyopangwa chini nayo hayatoshi, yanaachana katikati, na uti wa mgongo hauna spea. Subiri mpaka upate uwanja wenye godoro la mchezo lenyewe, na mtu anayejua wa kukusimamia.

Uliuliza pia kuhusu viatu. Njumu za mpira usivae, zinateleza kwenye kona. Raba ya kawaida yenye soli inayoshika inatosha kwa sasa. Ukipita Karume kwenye mitumba, ukiona kiatu chepesi cha misumari, kigeuze uangalie kisigino: chenye misumari hadi kisiginoni ndicho cha kuruka juu, chenye ya mbele tu ni cha mbio. Wauzaji wengi hawajui tofauti, bei huwa moja.