Kabla hujamwaga minoxidil utosini, kichwa kikaguliwe

Usiinunue. Bado. Hiyo chupa iache huko huko dukani.

Umesema nywele za utosini zimepungua, panawasha, ukisuka panauma, na shoga yako wa saluni kakwambia uanze minoxidil, ile dawa ya kupaka ya kuotesha nywele. Ukauliza uchukue ya asilimia 2 au 5, upake mara ngapi, na kama unaweza kuendelea kuweka dawa ya kulainisha nywele. Mimi nimeganda hapo kwenye "panawasha, panauma", maana maneno hayo hayo niliyasema mimi na hakuna aliyenishtua.

Langu lilianza kiduara kidogo tu, kibanio kinakificha. Msusi akakitazama, akasema ni rasta za kubana, akanielekeza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Yule dada (simtaji, anajijua) hakuuliza panauma, hakuuliza tangu lini, hakuomba hata picha. Alichouliza ni "uko wapi nikutumie boda". Basi nikapaka asubuhi na usiku, kwa uaminifu ambao mume wangu mwenyewe hajawahi kuuona.

Nywele zikazidi kudondoka. Nikamwandikia. Akajibu: hizo za zamani zinapisha mpya, vumilia. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba maneno yenyewe ni ya kweli. Wiki za mwanzo minoxidil huwadondosha nywele watu wengi, kisha hutulia. Halafu kichwa kikaanza kuwaka moto. Nikamwandikia tena. "Ni spiriti iliyomo ndani mpenzi, ngozi itazoea." Nalo lina ukweli wake, ile ya maji ina vitu vinavyowasha ngozi za baadhi ya watu. Kwa hiyo kila dalili ya ugonjwa niliyokuwa nayo ikasingiziwa dawa. Ugonjwa ukajilia kwa raha zake, na mimi huku naagiza chupa nyingine! Hasara kubwa wala si hela ya chupa, ni ile miezi.

Nilipofika kwa daktari wa ngozi, alichukua taa, akapangua nywele, akapiga picha kwa simu yangu mwenyewe ili nione. Ngozi ya utosi nyororo, inang'aa, vile vitundu vidogo vinavyotokea nywele havipo. Akanichoma ganzi, akatoa kipande cha ngozi cha milimita 4 kikapimwe maabara. Majibu: CCCA, upara wa kovu unaoanzia utosini na kutambaa kwenda pembeni, unaotupata zaidi sisi wanawake weusi. Zamani ulidhaniwa ni wa chanuo la moto, siku hizi inajulikana hata asiyewahi kulishika anaupata. Kovu likishaziba kitundu, mzizi umekufa. Na minoxidil (asili yake vidonge vya presha, watu wakaota nywele ndipo ikageuzwa ya kupaka) inausukuma mzizi ulio hai. Uliokufa hata uumwagie ndoo nzima.

Nilichohitaji mapema ni cha kuzima ule moto wa ndani: krimu kali ya steroidi, sindano za kichwani, vidonge vya doksisaiklini. Nilikuja kupewa vyote na pameacha kutambaa. Palipokwisha pamekwisha. Sasa hivi nina kiwanja utosini, nasubiri watu wa ardhi waje kuweka bikoni.

Ndiyo maana sheria yangu ni moja, mnichoke mkitaka: kichwa kikaguliwe kwanza, dawa baadaye. Huenda yako ni ya kuvutwa na rasta kweli. Huenda ni fangasi, tezi ya shingoni, upungufu wa madini ya chuma, au umejifungua juzi juzi na zitarudi zenyewe (na kama una mimba au unanyonyesha ndio kabisa usiiguse hiyo chupa). Huenda hata ni hii hii yangu, na daktari akaamua kukuongezea minoxidil juu ya tiba ili kusaidia zilizobaki. Sawa, ila awe yeye. Na nyie kaka zangu mnaokuja hapa na "mimi ilinisaidia", kipara chenu cha ukoo hakiwashi wala hakiumi, tuachieni uzi wetu.

Halafu umesema uko Moshi. Moshi! Hospitali ya KCMC hapo kuna kituo kizima cha kufundishia magonjwa ya ngozi, watu wanatoka nchi nyingine kuja kusomea, na wewe unamuuliza msusi?

Ukienda, fumua. Osha nywele, usipake mafuta, usijaze ile poda ya kufichia. Mimi siku ya kwanza nilijitia kwenda na rasta mpya nisionekane kituko mbele ya daktari. Akanitazama, akasema nenda kafumue urudi. Nauli nikalipa upya, na msusi nilishamlipa.