Usiipige Saruji Nyumba ya Kale ya Mbao

Hivi karibuni msomaji mmoja wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza, aliniandikia kwamba amenunua nyumba ndogo ya kale yenye kiunzi cha mbao za mwaloni, na fundi wake anamshauri abandue lipu yote inayomeguka, kisha aipige saruji. Nilikasirika, kwa sababu maneno hayo hayo nilipewa nilipokuwa nikiikarabati nyumba yangu ya aina hiyo, na fundi mmoja aliyenicheka mbele ya jirani zangu, eti mtu wa Lamu atajua nini kuhusu nyumba za Wazungu.

Kuta za nyumba hizo ni fito zilizosukwa zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi. Hilo sisi hatuhitaji kufundishwa. Kinachohitaji darasa ni kiunzi chenyewe. Maseremala wa karne ya 15 waliuchonga mwaloni ukiwa mbichi, maana ukishakauka huwa mgumu mno, wakaingiza ulimi wa boriti moja katika tundu la nyingine na kuufunga kwa kigingi cha mbao. Tundu la kigingi katika ulimi lilitobolewa likiwa limepishana kidogo na lile la kigingi katika boriti inayoupokea, ili kigingi kinapogongwa kiuvute ulimi na kuukaza. Kwangu, ukimulika kurunzi kando ya nguzo, utaona alama zilizochanjwa mithili ya namba za Kirumi: seremala alikiunga kiunzi kwanza kiwanjani kwake, akakifungua, kisha akafuata alama hizo kukisimamisha. Wanaomiminika Lavenham, kijiji cha kale cha Suffolk, kupiga picha nyumba zilizopinda hawazioni kamwe.

Sasa saruji. Ni ngumu, na mwaloni haukomi kutanuka na kusinyaa, kwa hiyo nyufa hutokea, mvua hupenya, na maji yakishaingia hayana pa kutokea. Mbao huoza kimyakimya nyuma ya lipu inayong'aa, na dumuzi hufuata unyevu huo. Nilipobandua saruji ya mwenye nyumba aliyenitangulia, boriti ya chini, ile inayolala juu ya msingi wa matofali, ilikuwa imelainika hata patasi ikazama bila nyundo. Nilikata kipande kilichooza tu, nikaunga mwaloni mpya, nikakandika na kupaka chokaa. Jirani walioniona nikichekwa sasa huja kuniuliza.

Chokaa, basi, na tena chokaa, kwa kuwa huacha unyevu utoke. Chama cha kulinda majengo ya kale alichokianzisha msanii wa Kiingereza William Morris na wenzake mwaka 1877 kimekuwa kikisisitiza kukarabati badala ya kuyarudisha majengo katika sura ya kubuniwa, na mimi nasimama nacho. Kama nyumba imo katika orodha ya majengo yanayolindwa, omba kibali kabla ya kubadilisha chochote chenye kugusa haiba yake, kwani kufanya hivyo bila kibali ni kosa la jinai.

Na huyo fundi, muulize chokaa husubiriwa kwa muda gani kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Akibabaika, mpe nauli arudi kwake.