Mafuta muhimu, kwa nani?

SWALI: Mimi ni msomaji wa Langoni, Lamu. Kwenye duka la dawa za kienyeji nimekuta karatasi imebandikwa: "Mafuta muhimu ya zaatari hutibu lava za tegu." Je, Kiswahili hiki ni sawa?

JIBU: Kosa linaanzia kwenye "muhimu". Aliyetafsiri aliona neno la Kiingereza "essential", lenye maana mbili, "muhimu" na "ya kiini", akaokota isiyohusika. Mafuta haya hayakuitwa hivyo kwa kuwa yana umuhimu. Yaliitwa hivyo kwa kuwa hubeba kiini cha mmea, yaani harufu yake. Kwa kawaida hupatikana kwa mvuke, kama Pemba wanavyopata mafuta ya makonyo ya karafuu. Wazee wa Pwani waliyaita manukato "mafuta mazuri", na hakuna aliyeuliza umuhimu wake. Mimi huandika "mafuta ya kunukia". Wapo wanaopenda "mafuta tete", lakini nikisikia tete nakumbuka tetekuwanga. Tena yasichanganywe na mafuta ya habasoda ya dukani: hayo mara nyingi hukamuliwa tu.

"Lava" inaeleweka, ingawa ni jina pia la uji wa moto wa volkano. "Buu", neno jingine la lava, nalo linaleta picha ya nzi na nyama iliyooza. Tegu wa mbwa, mnyoo anayehusika hapa, akiwa mchanga hafanani na buu hata kidogo: ndani ya mwili wa mtu hukaa katika kifuko cha maji, mara nyingi kwenye ini au mapafu, baada ya mtu huyo kumeza mayai yaliyotoka katika kinyesi cha mbwa. Basi tuseme "tegu wachanga", kama tusemavyo kuku wachanga.

Na kitenzi? Anayetibiwa ni mgonjwa, au ugonjwa wake. Tegu huuawa. Lakini hata tukiandika "huua", hiyo hu- ni ya mazoea, inadai kwamba jambo hutokea kila siku, kwa kila mtu. Kilichoonekana ni kwamba thimoli, kemikali iliyomo katika zaatari, imeua tegu wachanga ndani ya vyombo vya maabara. Kuwafikia ndani ya ini la mtu ni kazi nyingine; huko madaktari hutumia albendazole, dawa ya minyoo, au upasuaji. Hapa -me- na mahali vinatosha:

"Mafuta ya kunukia ya zaatari yameua tegu wachanga maabarani."

Mwenye duka huenda asiipende sentensi hii. Haiuzi chupa.