Muunganisho Unaokatika Ukikaa Kimya

SWALI: Ndugu Mhariri, kila ninapoacha kuandika kwa dakika chache, muunganisho wangu na seva ya ofisi hukatika, na huduma kwa wateja ya kampuni yangu ya intaneti hunijibu tu kwamba nizime ruta. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kuzima ruta hakuondoi chanzo, kwani mitambo inayowagawia wateja wengi anwani moja ya IP hufuta kumbukumbu ya muunganisho uliokaa kimya. Mwongozo wa viwango vya intaneti uitwao RFC 5382, wa mwaka 2008, unataka muda huo usipungue saa 2 na dakika 4, lakini baadhi ya mitambo hukata mapema zaidi. Ukitumia OpenSSH (programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), weka ServerAliveInterval 60 kwenye mipangilio yake, ili ishara ndogo itumwe kila baada ya sekunde 60 za ukimya. Ukipiga simu tena, omba fundi wa mtandao, umuulize mitambo yao hukata muunganisho uliokaa kimya baada ya dakika ngapi. Mteja anayelipa anastahili jibu hilo.