Hela ya "tuma kwenye namba hii" anayonitumia mwanangu

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mjane wa miaka 67, naishi Ujiji, nina ugonjwa wa sukari. Mwanangu yuko Dar, kila mwezi hunitumia laki moja na nusu ya dawa na chakula. Alipokuja kunisalimia nikamwona na simu ndogo tatu na rundo la laini. Nilipombana akakiri kwamba hana kazi nyingine ila kutuma zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Anasema si wizi, hajamshika mtu mkono, watu hutuma kwa ridhaa yao. Je, niendelee kuipokea?

JIBU: Wa alaykumus salaam, mama yangu. Hela hiyo si halali kwake wala kwako. Dawa zako nitazirudia, usivunjike moyo. Kwanza hoja ya mwanao, maana siku hizi naisikia hata kwa vijana wa safu ya mbele msikitini, na inaniuma.

Wanashika neno moja katika Suratun Nisaa aya ya 29, "kuridhiana", wanaliacha katazo la kula mali za watu kwa batili lililo katika aya hiyo hiyo. Haya, tuitazame ridhaa yenyewe. Meseji ile haina jina la anayeandikiwa. Inarushwa kwa namba nyingi bila kujua ni za nani, na wengi huifuta. Lakini humo yumo mama wa Kibirizi ambaye asubuhi hiyo alikuwa akingoja namba ya kumlipa mwenye mtumbwi hela ya dagaa. Yumo mzazi anayedaiwa ada Januari, na mpangaji ambaye kodi yake imefika. Huyo ndiye anayetuma. Mama wa Kibirizi ameridhia kumlipa mwenye mtumbwi. Mwanao hajaridhiwa hata senti moja.

Mtume (s.a.w.) alikataza kumfunga mbuzi au ngamia chuchu ili maziwa yajae na mnunuzi amdhanie wa maziwa mengi. Mnunuzi huyo kamwona mnyama kwa macho yake, kakipapasa kiwele, katoa hela kwa mkono wake. Naye hakushikwa mkono na mtu! Bado Mtume akampa haki ya kumrudisha ndani ya siku 3, na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Ikiwa ridhaa iliyopatikana kwa kiwele kilichofungwa haimbani mnunuzi, na mbuzi yupo, itakuwaje pale ambapo hata mbuzi hayupo?

Na wanaotuma meseji hizo wanajua hilo. Aliyetapeliwa akiwahi kupiga 100 na kutaja namba ya muamala, hela ikiwa bado haijatolewa inaweza kuzuiwa. Ndiyo maana wao hukimbilia kwa wakala dakika ile ile, kisha laini inatupwa. Nani aliyelipwa haki yake akatupa laini? Wengine hujibu kwamba wajinga ndio waliwao. Methali hiyo ni ya kumwonya mjinga, haikumpa mtu ruhusa ya kumla.

Uliyokula kabla ya kujua, huna dhambi nayo, deni liko shingoni kwake. Sasa umejua. Mali iliyochukuliwa kwa mtu ina mwenyewe, haisafiki kwa kupita mkononi mwa mtoto kwenda kwa mama. Angekuwa na chumo la halali lililochanganyika nayo, wapo wanavyuoni ambao wangekupa nafasi, lakini umesema hana.

Dawa sasa. Siku usiyo na njia nyingine kabisa, na kuikosa kunakuhatarisha, chukua kadiri ya dawa tu, kwa dharura. Lakini usiifanye mazoea, kwani njia zipo. Sera ya afya inawasamehe gharama za matibabu wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza. Anza kwa mtendaji wa mtaa akuandikie barua, uipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii pale hospitali ya Maweni. Na mwambie imamu wako hali yako waziwazi. Wewe ni katika wenye fungu la zaka, wala si aibu.

Mwanao akitubu, arudishe. Laini alizobaki nazo zina kumbukumbu za miamala na namba za waliotuma. Awarudishie kwenye namba hizo, hata elfu kumi kumi, bila kujitaja. Asiowapata awatolee sadaka kwa niaba yao, na akijitokeza mmoja, amlipe.

Jambo jingine, mama, nalo usilichelewe. Aliwahi kukuomba kidole usajili laini? Uliweka mara ngapi? Upo ujanja wa kusema "hakijasoma, weka tena", na kila unapoweka, laini nyingine inasajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda na kitambulisho duka la mtandao husika ifutwe. Polisi wakiifuatilia namba iliyomtapeli mtu, jina litakalotokea ni lako.

Akituma tena mwezi huu, mrudishie siku hiyo hiyo, kisha mpigie umsalimie kama kawaida yako. Usimlaani.

Wallahu aalam.